Nilipoitika Bila Kuitwa

Kabla sijamtaja mkubwa yeyote, na najua kwamba ninavunja utaratibu, nawaombeni nyote mlioko katika ua huu mzime simu zenu. Mnaorekodi, tafadhali acheni. Mliokwisha kurusha picha kwenye makundi ya wazazi, picha hazina neno, lakini sauti yangu isivuke mlango ule. Nitakayoyasema yawe amana kwenu, kila neno. Yasifike barazani, yasifike sokoni Mwanakwerekwe, asihadithiwe hata jirani ambaye hakualikwa. Nisubirini kidogo nipate pumzi.

Ahsanteni. Sasa nirudi kwenye adabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Skuli Bwana Anwarali, Mwalimu Mkuu wetu anayetuaga Bi Fatmabai, Mwalimu Mkuu mpya Mwalimu Wakil, walimu wangu ambao leo ni wafanyakazi wenzangu, wazazi, wanafunzi mliokaa mikekani, na mama yangu mzazi, Bi Amne, uliyechagua kiti cha mwisho karibu na mlango ili uweze kutoka upesi: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Mimi ni Ubwa Shaame, karani wa skuli hii, na kabla ya ukarani nilikuwa mwanafunzi wake. Wengi wenu mnanijua kwa dirisha langu pale chini ya ngazi, mnapokuja kuandikisha watoto au kuulizia vyeti. Wafanyakazi wenzangu walinichagua nisome shukrani zao kwa Bi Fatmabai katika siku hii anayostaafu. Walisema, "Ubwa ndiye mwenye Kiswahili safi." Nikaziandika. Zinataja paa lililoezekwa upya, maktaba ndogo ya ghorofani, na watoto waliotoka hapa wakawa madaktari na manahodha wa meli. Ni maneno mazuri na yote ni ya kweli. Sitayasoma.

Sitayasoma kwa sababu ya maneno aliyoyasema sasa hivi Mwalimu Radhiya, mwalimu wetu wa hesabu, alipokuwa akituchekesha. Alisema, "Bi Fatmabai, jina la Ubwa umelichakaza! Tangu nianze kazi hapa sijasikia saa ikipita bila ya wewe kumwita. Ubwa, maji. Ubwa, funguo. Ubwa, hebu njoo. Wallahi huyu kijana akienda kuhiji utamwita kutoka hapa hapa, naye ataacha tawafu arudi!" Mkacheka. Mgeni Rasmi akacheka mpaka akavua miwani. Bi Fatmabai naye akacheka, akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

Mimi sikuweza kucheka. Nilijua kwamba hayo ndiyo mtakayoyabeba majumbani kwenu. Mtasema alikuwa mwalimu hodari, ila alipenda kutuma watu. Mtasema alikuwa mama mwema, ila yule karani alimtumikisha. Najua yapo pia yasiyosemwa kwenye kipaza sauti. Nimeyasikia kwa masikio yangu, kwamba hiyo ni tabia ya watu wa dukani, waliokulia nyumba zenye mtumishi wa kuitwa. Na mwaka juzi Kamati ilimkalisha kitako, kwa adabu lakini mbele ya watu, ikamtaka aache kumsumbua karani. Bwana Anwarali, wewe ndiye uliyezungumza. Nilikuwapo, nilikuwa nikiandika. Bi Fatmabai alisema maneno machache tu: "Nimesikia. Ntajaribu kupunguza." Wala hakupunguza, nanyi mkaona ni kiburi.

Mheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, leo mwalimu huyu anaondoka. Je, ni haki aondoke na sifa hiyo, nami ninayejua ukweli nimesimama hapa ninasoma habari za paa?

Ukweli ni huu. Bi Fatmabai hakuwa akiniita. Katika hizo nyakati zote mlizomsikia akisema "Ubwa, nlikuita," yeye alikuwa kimya, ana kazi zake, na mimi ndiye niliyeanza kuitika.

Najua kwamba mkataba wangu wa muda unakwisha mwezi huu, na mwenye kuamua kama nitabaki ni Mwalimu Wakil, aliyekaa hapa mbele na ambaye bado hanijui. Mwalimu, nilitamani unijue kwanza kwa kazi. Lakini kuanzia Jumatatu utakuwa ukinisikia, na hatakuwapo tena mtu wa kusema "nlikuita." Kwa hiyo nisikilize sasa.

Nilizaliwa Sokomuhogo, katika nyumba ya ghorofa ambayo sisi tulipanga vyumba viwili vya juu. Mama alikuwa akishona kofia za viua dirishani, mahali penye mwanga, na mimi na dada zangu wawili tulilala tukisikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Nayakumbuka mambo hayo kuliko ninavyokumbuka ya juzi: harufu ya chokaa ya ukutani baada ya mvua, sauti ya muuza kahawa akigonganisha vikombe, bibi yangu akimwaga maji ya wudhu kwa kopo moja lisiloisha. Katika nyumba zetu mtoto hufundishwa mapema kuitika. Mwanamume akiitwa husema naam, mwanamke husema abee. Kisha hufundishwa jambo la pili, nalo ni kutokuitika mpaka ajue anaitwa na nani, maana si kila anayeita ni mtu.

Mimi nilikuwa mdogo, nimeanza tu kung'oka meno ya mbele, nilipoanza kulivunja hilo la pili. Kwanza yalikuja macho, nikawa napepesa kope kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Kisha bega la kulia likawa linaruka. Kisha siku moja, tumekaa tunakula, kila mtu kimya, nikasema kwa sauti kubwa, "Naam!"

Dada yangu akauliza, "Nani kakuita?"

Nikasema, "Hakuna."

Na kabla sijameza tonge, "Naam!"

Bibi aliweka mkono wake juu ya sinia. "Huyu anaitwa," alisema.

"Na nani, mama?" mama yangu akamuuliza.

"Na hao wanaoita wasionekane. Tangu leo asiitwe jina lake na mtu yeyote katika nyumba hii. Sote tukinyamaza, basi atakayemwita tutamjua."

Ndivyo ilivyokuwa. Sisemi haya kuwacheka wazee wangu. Walinipenda kwa njia waliyoijua. Walinipeleka kwa mwalimu wa chuoni aliyeniandikia kombe, aya za Qurani kwa zafarani, nikanywa, na hadi leo nikisikia harufu ya zafarani namkumbuka mzee yule kwa wema. Walinifukiza ubani mpaka nguo zangu zikawa na harufu ya harusini. Lakini jina langu likatoka katika nyumba. Nikawa "wewe." Nikawa "hebu mwenzenu huyo." Dada zangu wakitaka nije walikuwa wakipiga makofi. Mama alikuwa akinigusa bega. Na kadiri walivyonyamaza, ndivyo nilivyozidi kuitika, maana woga ni chakula cha maradhi haya, na nyumba yenye watu wanaokusikiliza kwa hofu haikupi nafasi ya kutulia. Majirani walipouliza, mama aliwaambia, "Mwanangu ana masikio mepesi. Akiitwa mtu Darajani, yeye husikia hapa."

Nikaanza skuli. Nilikuja katika ua huu huu, na mti huu wa mkungu ulikuwa mfupi, tukiufikia matawi tukitafuta kungu, vidole vyekundu kwa ubuyu. Bi Fatmabai alikuwa bado si mwalimu mkuu. Alikuwa mwalimu wa darasa letu, mwembamba, mwenye miwani yenye kamba, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Kila asubuhi aliita majina huku ameinamisha kichwa, nasi tukiitika.

Siku moja aliita, "Suhaib!"

Nami, kwa bahati yangu, nikasema, "Naam!"

Akamwandika yupo. Suhaib hakuwapo. Suhaib, bila ya baba yake kujua, alikuwa Jozani na mjomba wake, anayetembeza wageni kule msituni, ameketi zake anatazama kima punju wanavyokula majani. Kabla ya mapumziko baba yake akaja kumchukua kwa msiba wa ghafla. Bi Fatmabai akamwambia, "Yupo, ameitika mwenyewe." Darasani hayupo. Wakamtafuta chooni. Wakamtafuta juu ya paa. Walimu wakafunua kifuniko cha kisima kile pale, mtu akaenda kuleta kamba, na baba yake Suhaib, mtu mkubwa mwenye ndevu, akakaa chini kwenye ngazi akalia. Tukabaki hivyo hadi mtu mmoja alipopata simu ya mjomba, na mjomba akasema mtoto ni mzima, anakula ndizi.

Kisha likaja swali, "Nani alimwitikia?" Vidole vyote vya darasa vikanielekea.

Bi Fatmabai alinichukua hadi chumba cha vitabu, akafunga mlango. Nilikuwa nimeshakunja mikono nyuma nikingoja bakora.

"Ubwa, umemwitikia Suhaib?"

"Sikumwitikia mtu, mwalimu."

"Nani basi aliyesema naam?"

"Mimi."

Akanitazama. Mimi nikasema, "Naam!" Yeye hakuwa amefungua mdomo. Nikasema tena, "Naam!" Akavua miwani.

"Nani anakuita?"

"Hakuna, mwalimu."

"Una hakika?"

"Nna hakika. Hakuna anayeniita. Linatoka tu. Nikilizuia linaniuma hapa kooni, halafu yanatoka mengi."

Wazee wangu, ndugu zangu, hilo nilikuwa nimeshalisema kwa kila mtu niliyemjua. Niliwaambia wote kwamba hakuna anayeniita. Bi Fatmabai ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniamini. Alipangusa miwani kwa pindo la mtandio, akasema, "Haya. Basi tangu leo, ukiitika na hakuna aliyekuita, aliyekuita ni mimi. Umefahamu?"

Sikufahamu. Nilifahamu kesho yake. Darasa limetulia, tunafanya hesabu, nikasema, "Naam!" Watoto wote wakageuka. Bi Fatmabai, bila ya kuinua kichwa, akasema, "Ndiyo, Ubwa, nlikuita. Nenda kaniletee chaki." Watoto wakarudi kwenye hesabu zao. Nikaenda. Nikarudi na chaki. Basi, yakaisha.

Mwakumbuka chaki za darasa letu, enyi wenzangu mliosoma nami? Skuli nzima ilikuwa haina chaki, darasa letu lina masanduku. Mwalimu wa darasa la pili alikuja kulalamika. Chaki zilipojaa, nikatumwa kutazama saa ya ukumbini. Nikatumwa kufungua dirisha, na baadaye kulifunga. Siku moja ya kaskazi, jua linawaka mpaka paka wamelala chini ya madawati, alinituma nikaangalie kama mvua inakuja.

Badria, ambaye leo ni mkunga na amekaa pale na mwanawe, akasimama. "Mwalimu, jua lote hili mvua itoke wapi?"

"Ndiyo maana nnamtuma akaangalie."

"Na mbona kila siku Ubwa, Ubwa, Ubwa? Na sisi tuna miguu!"

"Miguu yako nimeiona, Badria. Kila siku iko dirishani kwa muuza ubuyu. Kaa chini."

Nyumbani nilikuwa sina jina. Katika skuli hii jina langu likaitwa kuliko la mtoto mwingine yeyote. Je, mnaweza kufahamu hilo ni kitu gani kwa mtoto? Nilikuwa nikizipanda ngazi za Sokomuhogo jioni nikiwa "wewe," na asubuhi nikivuka mlango ule ninakuwa Ubwa tena.

Nilikuwa nimekua kidogo alipokuja kwa mapumziko mpwa wake Bi Fatmabai, Dokta Azim, daktari wa mishipa ya fahamu anayefanya kazi bara. Bi Fatmabai alimwita mama yangu nyumbani kwake, akatupa chai na bajia, kisha Dokta akakaa nami muda mrefu. Akasema hali hii ina jina. Inaitwa Tourette, kwa jina la daktari wa zamani wa Kifaransa, nasi hulitamka Tureti. Akasema iko duniani kote, si yetu peke yetu. Mwingine huguna, mwingine hukohoa, mwingine hubweka, mwingine hurusha shingo. Mwenzetu huyu amechukua neno alilolisikia nyumbani tangu kuzaliwa.

Mama akamuuliza, "Kwa hiyo si jini, Dokta?"

"Si jini, Bi Amne."

"Na kama limejificha usilione?"

"Basi limejificha vizuri kupita majini yote niliyopata kusikia habari zao. Dua msiiache, dua ni njema. Lakini mtoto huyu hakuna anayemwita. Hana wazimu, haambukizi mtu, na akili yake kama mnavyoiona. Msimkemee, msimwogope. Mkitulia nyinyi, naye atapumzika."

Mama akalia. Bi Fatmabai akampa leso, akadhani analilia maradhi. Mama akasema, "Nlikuwa nikimnyima mwanangu jina lake bure."

Jioni ile tulirudi nyumbani. Alikuwa anapakua chakula, nami niko chumba cha pili. Akaita, "Ubwa!" Aliita kwa sauti, kama mama wengine wote wanavyoita. Mimi niliyekuwa nikiitika mchana kutwa bila ya kuitwa, sauti yangu haikutoka. Nilisimama mlangoni tu nikimtazama. Hilo moja sijapata kuliitika vizuri mpaka leo.

Lakini kabla hatujaondoka nyumbani kwa Bi Fatmabai siku ile, mama alimshika mikono. "Nakuomba, Bi Fatmabai. Nna mabinti. Watu wakitaka kuposa huchunguza mpaka ya babu aliyezaa babu. Wakisikia kuna maradhi katika nyumba, hawatapanda ngazi zangu. Naomba lisitoke."

Bi Fatmabai akasema, "Halitoki kwangu."

Halikutoka. Alipokuwa mwalimu mkuu, halikutoka. Nilipomaliza masomo, nikasoma ukarani, nikarudi hapa kuomba kazi, alinipa dirisha la chini ya ngazi, lililo karibu na mlango wa ofisi yake kuliko madirisha mengine yote. Ofisi yake ilikuwa na mlango mzuri wa msaji. Tangu siku hiyo hakuufunga. Wazazi wengine mmenisifu, mkasema, "Karani wa skuli ile ana adabu, hujamwita keshaitika." Na kila nilipoitika na dirishani hakuna mtu, sauti ilitoka kwa yule mama wa mlango wazi: "Ubwa, nlikuita." Nikaingia. Mara nyingi tukikaa tu. Akinimiminia chai. Akiniuliza hali ya mama.

Hiyo ndiyo huduma iliyoitwa utumwa.

Usiku wa kuamkia kikao kile cha Kamati nilikuwa sijalala kwa wasiwasi, na asubuhi kikao kilipomalizika nilimfuata ofisini. Nikamwambia, "Mwalimu, niruhusu niwaambie. Wanakuvunjia heshima kwa ajili yangu." Akasema, "Mwanangu, mimi nnamaliza, wewe ndo kwanza unaanza. Maneno yao ntastaafu nayo." Nikasema haki ni haki. Akasema, "Na mama yako nlimwahidi nini?" Kisha akasema, "Ukitaka kusema, siku hiyo iwe yako, useme kwa ajili yako. Usiseme kwa ajili ya kunisafisha mimi."

Mwalimu, nisamehe. Leo nasema kwa ajili ya yote mawili.

Na ndugu zangu, tangu nisimame hapa nalizuia. Kulizuia ni kama kuzuia chafya mbele ya watu. Unaweza, kwa muda, ukijishughulisha na jambo jingine, lakini linakusanyika. Mnaona bega langu. Sasa nahisi siwezi kuliz— Naam! Naam!

Naam!

Mmemsikia?

Walio nyuma hawakusikia, wacha niwaambie. Bi Fatmabai, akiwa ameketi kwenye kiti cha heshima na mashada ya asumini shingoni, mbele ya Mgeni Rasmi, amesema, "Ndiyo, Ubwa, nlikuita. Niletee maji." Mwalimu Radhiya, mbona hucheki? Hebu itazameni glasi iliyo mbele yake. Mheshimiwa, uko karibu naye, itazame kwa niaba yetu. Imejaa mpaka juu. Na chupa nyingine iliyo pembeni yake haijafunguliwa.

Huyo ndiye mwalimu wenu aliyependa kutuma watu.

Bwana Anwarali, nakuona umesimama. Nakuona unakwenda kwake. Ahsante, mzee wangu. Mshike mkono, nami nitangoja.

Mwalimu Wakil, sasa umenisikia, sina la kukuficha. Hali hii haiji peke yake. Mimi pia hurudi kugusa kufuli la ofisi baada ya kulifunga, narudi tena, na tena, mpaka mlinzi ananiambia, "Ubwa, kufuli limeshakujibu salamu, nenda nyumbani." Wengine huwa hawawezi kutulia kitini. Wengine hujaa hofu kama hii ninayotetemeka nayo. Kuna majuma yanapita ninakuwa kimya kabisa, na kuna siku utadhani skuli nzima inaniita. Kazi yangu nitaifanya kama nilivyoifanya. Sikuombi uniite. Mwalimu huyu amenibeba mpaka hapa, na mzigo huo si halali umhamie mtu mwingine. Nakuomba tu, nikiitika, usigeuke kutafuta aliyeniita. Endelea na lako. Ukiona huwezi kuwa na karani wa namna hii, uamuzi ni wako, nami nitaondoka nikiwa nimeaga vizuri.

Nilikuwa na aya moja zaidi hapa, ya kuwakumbusha kuhusu amana niliyowaomba mwanzo. Kwamba mtakapotoka, kila neno—

Naam, mama.

Naam, mama yangu, nakusikia.

Wa mbele hamkumsikia, na sijui kama sauti yangu itanitosha kuwaeleza. Mama yangu amesimama pale mlangoni. Nilidhani anatoka. Ameniita jina langu mbele ya watu wote hawa. Amesema, "Ubwa! Waambie wawashe simu zao. Mabinti zangu washaolewa, na mimi nshachoka kuficha kitu kisichokuwa na aibu."

Na mmeshuhudia kwamba nimeitika.

Basi washeni. Amana yangu nairudisha, si siri tena. Walio na makundi ya wazazi, pelekeni. Walio na jirani ambaye hakualikwa, mwambieni kwanza yeye, maana pengine ana mtoto ndani anayepepesa macho, au anayeguna, au anayerusha shingo na kuchapwa kwa kudhaniwa mtundu, au ameshaondolewa jina lake na watu wanaompenda.

Mwambieni aje. Akitoka Darajani apite njia ya maduka ya vitambaa, aulizie skuli yenye mkungu uani, kila mtu atamwonesha. Aje siku yoyote ya skuli, baada ya adhuhuri, nikiwa nimeshamaliza kazi za asubuhi. Nikiwa sipo kazini tena hapa, mlinzi atamwelekeza nyumbani kwetu Sokomuhogo, ngazi za juu, mlango wenye pazia la kijani, ambako mama yangu bado anashona. Aje na mtoto au bila mtoto. Akiona haya kutaja jina, asitaje. Nitampa njia ya kumpata Dokta Azim, na kama hataki daktari bado, tutakunywa chai tu.

Bi Fatmabai, nyumba yako iko nyuma ya ukuta huu, na dirisha la ukumbi wako nalijua. Jumatatu utanisikia. Usisumbuke kujibu. Kunywa chai yako. Mimi nitajua ni nani aliyeniita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wangu, walimu wangu, wenzangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu, Mungu awalipe.

Na wewe utakayekuja dirishani kwangu, ukikuta nimeinama nina kazi, usigonge, wala usiite. Simama tu hapo kidogo. Nitaitika.